Minerivali Haimlei Mtoto

Shule za bweni zinapofunguliwa, Uwanja wa Pelé pale Nyamirambo huacha soka na kuwa stendi. NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, hupanga zamu kwa wilaya, na wanafunzi wanaopitia Kigali hufika hapo na godoro lililofungwa kamba, sanduku, ndoo na mfuko wa sabuni, wakisubiri basi la Huye, Musanze au Nyamasheke. Ukisimama pembeni, jambo la kwanza unaloliona ni mizigo. La pili huja polepole: nani kasindikizwa na nani. Huyu ana baba na mama, kila mmoja kashika upande mmoja wa sanduku. Yule ana shangazi anayemhesabia nauli kwa mara ya tatu. Na yupo aliyeshuka peke yake kwenye pikipiki, anayejifanya hana haja ya kuagwa.

Watatu hao wanaweza kuwa wamelipiwa ada ileile. Hapa kwetu tunaiita minerivali, neno tulilorithi kwa Wabelgiji pamoja na majirani zetu wa Kongo. Makanisa yetu yanapozungumzia kumsomesha mtoto maskini, mazungumzo huanza na minerivali na mara nyingi huishia hapo: anadaiwa kiasi gani, nani atalipa, stakabadhi iko wapi. Mimi nasema hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Maisha ya mtoto hugeuzwa na mtu mzima anayemjua kwa jina na ambaye haondoki, na Rwanda ina ushahidi wa jambo hilo kuliko nchi yoyote ninayoijua.

Tuanze na fedha, kwa kuwa fedha haina aibu ya kuhesabiwa. Mwaka 2009 Rwanda iliondoa ada kwa miaka 9 ya kwanza ya shule, na mwaka 2012 ikasogeza mpaka miaka 12. Ilibaki michango ya chakula na mahitaji mengine. Septemba 2022 Wizara ya Elimu iliweka kikomo cha michango hiyo kwa shule za serikali na zile zinazosaidiwa na serikali, ambazo nyingi ni mali ya makanisa: faranga 975 kwa muhula katika shule ya msingi, 19,500 kwa sekondari ya kutwa na 85,000 kwa sekondari ya bweni. Kwa mwaka wenye mihula 3, viwango hivyo vya 2022 vilifanya kutwa kuwa faranga 58,500 na bweni 255,000.

Itazame hesabu hiyo kwa macho ya mama anayeuza mboga mtaa wa Biryogo. Binti yake akifaulu kwa kiasi mtihani wa darasa la sita, anapangiwa shule ya kutwa karibu na nyumbani. Akifaulu vizuri sana, anapangiwa bweni, na gharama inazidi mara nne, kabla ya godoro na nauli. Kufaulu kunakuwa adhabu kwa maskini. Hapo fedha ya mfadhili hufanya kazi ya kweli: inamzuia mzazi asilazimike kuitia hasara akili ya mwanawe.

Lakini mashirika makubwa ya Kikristo ya ufadhili huomba takribani dola 40 kwa mwezi kwa kila mtoto, yaani karibu dola 480 kwa mwaka. Kwa viwango vya sasa vya kubadilisha fedha, minerivali ya bweni haifiki nusu ya hizo. Mfadhili mwenye mashaka atauliza: zilizobaki zimekwenda wapi? Swali ni la haki, na jibu lake linashangaza. Sehemu ya fedha hiyo huenda kwenye bima ya afya, chakula na uendeshaji, na sehemu nzuri huenda kwa watu: mratibu, walimu wa vipindi vya Jumamosi kanisani, mfanyakazi wa jamii anayepanda kilima kuuliza kwa nini mtoto hakuja. Tunachokishuku kuwa ni gharama za ofisi ndicho huenda kinaleta tofauti.

Sisemi hivyo kwa kuwapendelea wenye mashirika. Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walichapisha katika Journal of Political Economy uchunguzi wa ufadhili wa Compassion International, shirika lililoanzishwa mwaka 1952 na mhubiri Mmarekani Everett Swanson kwa ajili ya yatima wa vita vya Korea, na ambalo limefanya kazi Rwanda kupitia makanisa tangu mwaka 1980. Rwanda haikuwemo katika uchunguzi, lakini majirani zetu Uganda na Kenya walikuwemo, pamoja na Bolivia, Guatemala, India na Ufilipino. Watafiti waliwafuatilia watu 10,144 ambao sasa walikuwa watu wazima. Waliofadhiliwa utotoni walikuwa wamesoma kati ya mwaka 1.03 na 1.46 zaidi ya ambavyo wangesoma bila ufadhili. Uwezekano wa kumaliza sekondari uliongezeka kwa pointi 12 hadi 18 za asilimia, pale ambapo bila ufadhili wangemaliza watu wasiofika nusu.

Kinachonivutia zaidi ni namna matokeo hayo yalivyopatikana. Mtoto wa mpango huo alikuwa akihudhuria kituo cha kanisa kwa takribani saa 8 kila wiki, kwa wastani wa miaka 9 na ushee. Zidisha: ni karibu saa 4,000 mbele ya watu wazima wanaomwita kwa jina lake, wanaomuuliza anataka kuwa nani, na wanaokumbuka alichojibu mwaka jana. Wydick na wenzake walipotaka kujua kama tumaini linaweza kupimwa, waliwapa watoto wa Indonesia kalamu za rangi wajichore wenyewe, na michoro ya waliofadhiliwa ilionyesha watoto wenye furaha na kujiamini zaidi. Hata hivyo tusipige vigelegele mno. Uchunguzi wa kipato uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba ufadhili uliwaongezea watu hao dola 13 hadi 17 kwa mwezi walipokuwa wakubwa. Ni tofauti ya maana kwa maskini, lakini haimtoi mtu Nyamirambo na kumweka Nyarutarama kwa matajiri.

Kiswahili kilikuwa kimeshalielewa jambo hili kabla ya wachumi. Pwani, neno somo ni mada ya darasani, na ni pia mwanamke anayekabidhiwa msichana ili amfunde kuhusu utu uzima. Neno moja limebeba funzo na mtu anayelitoa. Huku kwetu Wanyarwanda husema umwana apfa mu iterura, mtoto huharibikia palepale anaponyanyuliwa. Hakuna lugha kati ya hizi mbili inayodhani kwamba mtoto hunyanyuliwa na stakabadhi.

Ushahidi mkubwa zaidi, hata hivyo, haukutoka kwenye majarida. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliacha watoto yatima wanaokadiriwa na UNICEF kufikia 95,000. Wengi waliishi katika nyumba ambazo mkubwa wa familia alikuwa na miaka 13 au 14. Lugha yetu ililazimika kuwa na jina lao, imfubyi zibana, yatima wanaoishi wenyewe. Mwaka 1998 serikali ilianzisha mfuko wa FARG, ukalipa minerivali ya makumi ya maelfu ya manusura. Kwa upande wa karo, hao walikuwa wamefadhiliwa.

Lakini karo haikuwa pengo lao pekee. Mwaka 1996, wanafunzi 12 manusura katika chuo kikuu pale Butare walikuwa wameshaanzisha chama kilichoitwa AERG, na kikaenea shule hadi shule. Jambo lake la ajabu lilikuwa familia. Wanafunzi waligawanyika katika makundi, kila kundi likamchagua kijana mmoja kuwa baba na msichana mmoja kuwa mama, na hao wazazi wa miaka 20 walianza kazi ya uzazi: kuuliza matokeo ya mtihani, kumtembelea aliyelazwa hospitali, kumkemea anayelewa, kukaa na anayelia Aprili, mwezi wa kumbukumbu ya mauaji. Walipohitimu hawakuachana: mwaka 2003 walianzisha GAERG, chama cha waliohitimu, na wengi wamesimama upande wa wazazi katika harusi za wenzao. Nadhani huu ndio uchambuzi bora wa ufadhili uliowahi kufanywa Rwanda, na ulifanywa na wanaofadhiliwa wenyewe. Karo ilipokuwapo na mzazi hayupo, walimtengeneza mzazi.

Huduma ya Kikristo inaingia hapa, na tuiseme kwa ukweli wote, wa nuru na wa giza.

Nuru kwanza. Hapo Nyamirambo kulikuwa na kituo cha yatima cha familia ya Gisimba. Mwaka 1994 Damas Gisimba, aliyefariki mwaka 2023, aliwaficha humo watu wapatao 400, wengi wao watoto. Aliyekuwa akiwapelekea maji ni Carl Wilkens, Mmarekani wa shirika la Kiadventista la ADRA, aliyekataa kuondoka wakati raia wenzake wote walipohamishwa kutoka Kigali. Wanamgambo wa Interahamwe walipokizingira kituo, Wilkens alimkabili Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali ileile iliyokuwa ikiua, akamwomba awaachie watoto hao. Walihamishiwa kanisa kuu la Saint-Michel wakiwa hai. Baadaye Kambanda alikiri kosa la mauaji ya kimbari mbele ya mahakama ya Arusha. Mtu anayetafuta maana ya huduma katika mji huu hahitaji kamusi: Wilkens alibaki, Gisimba alibaki.

Waliofuata walijenga juu ya msingi huohuo. Mwaka 1995 Jean Gakwandi, aliyenusurika pamoja na familia yake, alianzisha Solace Ministries, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwakusanya wajane na yatima na kuwasikiliza. Misaada mingine, ikiwemo ya kusomesha watoto, iliota katika udongo wa kusikilizwa. Mwaka 2001 Askofu John Rucyahana wa Dayosisi ya Shyira ya Kianglikana alifungua shule ya Sonrise pale Musanze, kwa fedha za wafadhili Wakristo wa Marekani, ambamo yatima wa pande zote waliishi bweni moja na kula meza moja. Ingekuwa rahisi zaidi kuwalipia kila mmoja karo mahali alipo. Rucyahana alitaka kitu ambacho karo hainunui: waamke pamoja.

Sasa giza. Kabla ya 1994 elimu yetu ilikuwa, kwa sehemu kubwa, elimu ya makanisa, tangu Mapadri Weupe walipoweka misheni ya kwanza pale Save mwaka 1900. Katika madarasa hayohayo walimu waliwaamuru watoto wa Kitutsi wasimame wahesabiwe, na mfumo wa mgao wa kikabila ukaamua nani aendelee sekondari na nani arudi kulima. Mauaji yalipangwa na watu waliosoma. Ferdinand Nahimana, mmoja wa waanzilishi wa RTLM, redio iliyochochea mauaji, alikuwa mwanahistoria wa chuo kikuu. Katika parokia ya Nyange, Aprili 1994, kanisa liliangushwa kwa buldoza juu ya Watutsi waliokimbilia humo, na padri wao, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa hilo. Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa niaba ya Wakristo walioshiriki mauaji, na Machi 2017 Papa Francis naye akaomba msamaha.

Nyange hiyohiyo ina habari ya pili. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, waasi waliingia katika shule ya sekondari na kuwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa, wakajibu kwamba wote ni Wanyarwanda, na baadhi yao wakauawa kwa jibu hilo. Leo wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Mahali pamoja, miaka mitatu tu katikati: msomi aliyevaa kanzu alifanya lile, na vijana ambao walikuwa bado hawajamaliza sekondari wakafanya hili. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba ulezi ni nyongeza nzuri kama bajeti ikiruhusu, humwomba aende Nyange. Katika nchi hii tulishaona shahada zinaweza kufanya nini zisipokuwa na utu ndani yake.

Nikisema hivyo, siwapi walezi wa kanisani hati ya usafi. Mipango ya ufadhili ina nyufa zake, na wapo wanaozifunika kwa wimbo wa shukrani.

Ufa wa kwanza umo ndani ya nyumba. Ufadhili humchagua mtoto mmoja, au wachache, katika familia. Yule anapata viatu vipya, barua yenye stempu za ng'ambo na sherehe ya Krismasi. Ndugu yake anapata habari zake. Na hata ule uchunguzi wa mwaka 2013 niliousifu uliwezekana kwa sababu ya ndugu huyo: watafiti waliwalinganisha waliofadhiliwa na ndugu zao waliokuwa wamepita umri wa kuandikishwa mradi ulipofika kijijini. Kila nambari nzuri niliyoitaja hapo juu imesimama juu ya kaka au dada aliyewahi mno kuzaliwa. Sijui namna ya kulimaliza tatizo hili bila fedha zaidi, lakini najua namna ya kulipunguza: mlango wa kituo siku ya Jumamosi usifungwe kwa ndugu. Saa za mlezi, tofauti na karo, zinaweza kugawanywa.

Ufa wa pili ni picha. Ufadhili huuzwa kwa uso wa mtoto, na uso usiposimamiwa hugeuka biashara. Mwaka 1998 waandishi wa Chicago Tribune waliofadhili watoto 12 kupitia mashirika kadhaa waligundua kwamba mmoja wao, msichana wa Mali, alikuwa amekufa kwa radi huku barua kuhusu yeye zikiendelea kuwafikia. Tangu hapo mashirika makubwa yamekaza ukaguzi, lakini funzo halijachakaa: barua inaweza kuendelea bila mtoto, mlezi hawezi.

Ufa wa tatu ni utegemezi. Machi 2017 Compassion ililazimika kufunga kazi zake India baada ya serikali kubana fedha za kutoka nje, na watoto zaidi ya 145,000 wakapoteza ufadhili kwa pigo moja. Sisi nasi tumeona serikali ikifunga mamia ya makanisa Kigali mwaka 2018, na maelfu nchini kote mwaka 2024, kwa sababu za usalama wa majengo na masharti ya usajili. Mpango wowote unaokaa ndani ya jengo la kanisa ujiulize: jengo likifungwa Jumatatu, Jumamosi mtoto anaenda wapi?

Ufa wa nne unawahusu majirani zangu wa Nyamirambo na Biryogo, wengi wao Waislamu, ambao wengi wao waliwaficha waliowindwa mwaka 1994. Mtoto wa Kiislamu anapoandikishwa kituo cha kanisa, uji anaopewa haupaswi kuwa na bei ya dini. Kanisa lina haki ya kusema linamwamini nani. Halina haki ya kumfanya mama achague kati ya imani yake na daftari la mwanawe.

Serikali nayo imeshasoma alama hizi. Mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya watoto 3,000 katika vituo 33 vya yatima, ikaamua wahamie kwenye familia kupitia mpango wa Tubarerere mu Muryango, tuwalelee katika familia. Wazazi wa kujitolea wanaowapokea huitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Hata kituo cha Gisimba kiliacha kuwa makazi, kikawa mahali pa watoto kuja baada ya masomo. Nadhani kanisa lenye busara litafuata mkondo huo: lipunguze kujivunia idadi ya majina kwenye orodha, liongeze idadi ya watu wazima waliofunzwa, wanaolipwa vizuri na wasiobadilishwa kila mwaka. Mkono mmoja haulei mwana, lakini mikono kumi inayopokezana kila muhula haimlei pia.

Kwa hiyo, ukifikiwa na bahasha ya ufadhili Jumapili ijayo, uliza maswali matatu kabla ya kuuliza kiasi. Mlezi wa mtoto huyu ni nani, na atakuwa naye kwa miaka mingapi? Ndugu zake wako wapi siku ya Jumamosi? Na akimaliza kidato cha sita, siku ambayo mipango mingi huandika jina lake kwenye safu ya waliofanikiwa na kufunga faili, nani atapokea simu yake?

Shule zetu za bweni zina siku ya wazazi kutembelea, ambayo wanafunzi huiita visite. Familia hukaa kwenye nyasi, hufungua vyombo vya chakula, huulizana habari za nyumbani. Pembeni huwapo daima mwanafunzi anayepita haraka kuelekea bwenini, kana kwamba kasahau kitu. Ada yake imelipwa. Mtafuteni huyo, mkae naye kwenye nyasi, na mwezi ujao mrudi.